Shimo la Kuazima

Vifaa vya kupimia matetemeko ya ardhi hatununui, tunaazima. Bei yake haisemeki. Kuna ghala moja la pamoja, mbali na hapa, linaloazimisha watafiti wa nchi kadhaa kwa zamu. Unaomba, unasubiri, unaomba tena, na siku moja unaambiwa zamu yako imefika. Mamangu alikuwa mtunzaji wa sufuria za chama cha akina mama pale Changamwe, zile kubwa za kupikia pilau ya harusi na maharagwe ya matanga, kwa hiyo mambo haya niliyajua kabla sijaingia darasani. Sufuria ya chama irudi siku iliyosemwa, irudi imesuguliwa, na asiyefuata asije tena kubisha hodi. Ghala letu ni vivyo hivyo, ila barua zao ni ndefu zaidi.

Mimi nilipewa vifaa vitatu kwa miezi sita. Vitatu ndiyo hesabu ya chini kabisa. Ardhi ikitikisika, kifaa kimoja hukwambia imetikisika. Viwili hukuacha ukibabaika baina ya mahali pawili. Cha tatu ndicho kinachosema ni wapi. Kimoja nilikifukia Likoni nyuma ya kanisa, cha pili Magogoni katika ua wa shule, na cha tatu nilitaka kiwe upande wa Miritini. Sharti moja ndilo lililoninyima usingizi: kifaa kikishafukiwa hakiguswi mpaka muda uishe. Kikiinuliwa mapema hakirudi ardhini, kinapelekwa ghalani kukaguliwa, na zamu yako kwa kifaa hicho imekwisha.

Miritini si mahali pa kimya. Kuna reli, kuna malori, kuna mafundi wanaojenga kila kona, na kifaa changu husikia hata lori linalofunga breki. Nilizunguka mpaka viatu vikaachama, nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye shamba upande wa ndani, ambako malori hayafiki. Alikuwa kibarua bandarini enzi zake. Mfupi, mkali, redio kwapani. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanipa kiti na kunisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mwanangu, hicho kidude kitazuia tetemeko?"

"Hapana, baba. Kitaliandika tu."

"Likishapita?"

"Likishapita."

"Basi faida yake?"

Mimi nikiulizwa faida hupandwa na hasira. Nilieleza kwa kirefu na vibaya, nikitaja ramani na majengo ya ghorofa, naye akanitazama kama vile mimi ni muuza dawa za mitishamba. Mwishowe akacheka, akasema mgeni hafukuzwi. Akanipeleka mwenyewe hadi pembeni mwa shamba, karibu na ua wa minyaa. Nyasi zilikuwa zimefyekwa, na hapakuwa pamepandwa hata mhogo. Kando palikuwa na kaburi moja la zamani lenye msalaba wa saruji.

"Weka hapa. Hapa ni pangu, hapana atakayekuja kulima."

Udongo ulikuwa mgumu, hauna mizizi. Kaburi halikunisumbua, maiti hawapiti wakikanyaga vifaa vya watu. Nilichimba, nikasawazisha, nikafukia, nikaacha paneli ya sola na waya vikichungulia juu.

Kila mwezi nilikwenda kuchukua kumbukumbu zake kwa ule waya, bila kukigusa chenyewe, na kila mwezi mzee alikuwa na neno. Alikuwa ameitangazia familia nzima kwamba kile ni kitu cha watu, kimeazimwa, na atakayekigusa atamjua yeye ni nani. Mbuzi walihamishwa, wakwe wakaambiwa wazunguke wakienda kisimani. Siku moja aliniuliza kama nimekisoma kikohozi chake.

"Nimekohoa wiki nzima. Hakikuandika?"

"Kikohozi hakifiki huko, baba."

"Unanificha," akasema, wala hakuwa anatania sana.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu aliponipigia simu mkewe. Mzee alikuwa ametutoka. Nilisema pole, na nilimaanisha. Kisha mama akaongeza kwa sauti ya chini, "Utakuja, mwanangu? Maana kitu chako kiko mahali pake." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hapakulimwa, na lile kaburi lilikuwa la nani. Lilikuwa la mamake mzee. Alikuwa ameniazima nafasi ya kaburi lake mwenyewe, kwa kuwa wakati ule alikuwa bado hana haja nayo.

Nilikasirika. Nilimkasirikia marehemu, na sitajifanya kwamba sikumkasirikia. Wiki tatu tu, baba! Siku ya maziko, njiani kote kutoka mtaa wa Airport ninakoishi, nilikuwa nikipanga maneno ya kuiomba familia isogeze kaburi hatua chache tu. Nilipanga niyaseme kwa unyenyekevu, baada ya rambirambi.

Sikupata nafasi ya kuyasema. Mdogo wake marehemu alinipokea penye hema, akanishika mkono, akaniambia, "Usiwe na wasiwasi, mwalimu. Mtambo hatujaugusa. Kaburi tumelihamisha." Akanionyesha upande wa pili wa shamba, karibu na njia, ambako vijana walikuwa wameshaanza na sururu. Marehemu alisema kisiguswe, na sasa nani angethubutu? Alipokuwa hai walimbishia kila siku. Alipokufa neno lake likawa sheria.

Nilishukuru. Nasema wazi kwamba moyo ulitua kabisa, na hata njaa niliisikia. Nikaingia ndani kumpa pole mama, aliyekuwa amekaa mkekani na wenzake. Alinishika mkono, hakuuachia.

"Kitatoka lini?"

"Baada ya wiki tatu, mama."

"Wiki tatu." Alitikisa kichwa taratibu. "Pale alikuwa akipafyeka mwenyewe miaka yote. Akisema atalala kwa mamake. Lakini cha watu ni cha watu, mwanangu, hatuwezi kukuharibia kazi. Na yeye hatosubiri wiki tatu."

Hakulia wala hakuniomba. Angeniomba ningebishana naye; najijua, kwenye kubishana Mungu alinijalia. Nikapewa chai, nikakaa nayo mpaka ikapoa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, husema watu, na mimi nilikuwa nimeazima kwa watu wawili, nikawa nahesabu siku za mmoja tu. Nilijaribu kujiambia kwamba maiti hajui amelala wapi. Huenda ni kweli. Mama yule alijua, na angejua kila asubuhi akifungua mlango.

Nikaenda kwa wachimbaji nikawaambia wasimame.

"Mwalimu, si mali ya serikali ile?" mdogo wake marehemu akauliza, amenitolea macho.

"Ni mali ya kuazima. Nipe beleshi."

Hawakutaka mwanamke achimbe pale, siku ile hasa, lakini kile kitu hakuna aliyetaka kukishika. Nilikizima penye waya, taa ya kijani kando ya paneli ikafa. Nikafukua, nikakitoa na udongo wake, nikakifunga kwa leso niliyokuwa nimejitanda. Vijana wakapima kwa kamba kuanzia penye msalaba, wakaendelea kuchimba pale pale nilipoishia. Alasiri akazikwa kando ya mamake. Mama alisimama wima mpaka udongo wa mwisho.

Siku chache baadaye, asubuhi, ardhi ilitikisika. Kidogo sana. Kwetu Airport tulidhani ni ndege. Kifaa cha Likoni kiliandika, cha Magogoni kikaandika. Nilichora maduara mawili juu ya ramani, yakakatana mara mbili, baharini na nchi kavu, na hakuna kitu duniani cha kuniambia ni wapi kati ya hapo pawili. Mtikisiko wa kwetu, wa hapa hapa, ndio niliokuwa nikiuombea vifaa miaka yote ile. Nililia. Ilikuwa hasira zaidi kuliko huzuni, na ilichukua muda kuisha.

Muda ulipokwisha nilivirudisha viwili vilivyobaki; cha tatu kilikuwa kimetangulia. Mwanamke wa ghalani, mtu wa utaratibu lakini si mbaya, alinipigia simu kuuliza kwa nini cha Miritini kilitolewa mapema.

"Mwenye mahali alipahitaji," nikasema.

"Lakini mlikubaliana miezi sita. Hakukupa notisi?"

"Hakunipa. Hata yeye hakupewa."

Akanipa pole ya msiba. Kisha akaniambia kwamba zamu nyingine nitaiomba upya, nikianzia mwisho wa foleni.