Mama Niwekee aliyekataa kubonyeza kitufe

Ni saa tatu asubuhi, na chumba cha kompyuta kilicho ghorofa ya chini ya jengo la utawala kimejaa. Makatibu muhtasi kumi na wawili wa idara mbalimbali za chuo kikuu wamekaa mbele ya skrini, mikoba magotini, kama wanaongoja kuitwa na daktari. Nyuma yao anatembea mwanamke mrefu, sauti nzito, viatu vya chini. Mikono ameifunga mgongoni.

"Dada, picha yangu imelala ubavu," analalamika mmoja.

"Naiona, pole yake. Tuiamshe vipi?"

"Si uje uniamshie wewe?"

"Mimi leo sina mikono, mdogo wangu. Nina macho na mdomo tu. Tafuta hapo juu ya picha."

Chumba kinacheka. Katibu anatafuta, anabonyeza, picha inasimama kichwa chini miguu juu. Anabonyeza tena, na tena, mpaka inakaa sawa. Anapiga meza kwa furaha kama aliyefunga bao.

Huyo asiye na mikono ndiye fundi wa tovuti ya chuo. Jina alilopewa na wazazi limo kwenye faili la utumishi, lakini chuo kizima kinamwita Mama Niwekee, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja ni wachache mno waliompigia simu kumjulia hali. "Mama, niwekee tangazo." "Dada, niwekee ratiba." "Niwekee picha ya mkuu wa idara, lakini ile ya zamani, ana nywele."

Miaka yote hiyo, kila ukurasa wa tovuti ulipita mikononi mwake. Idara ikitaka kubadilisha hata chumba cha mhadhara, ililazimika kumletea karatasi yenye mhuri, naye aiingize kwa lugha ya kompyuta ambayo hakuna mwingine aliyeijua. Akiugua yeye, tovuti nayo inaugua.

"Watu walidhani mimi ni mkubwa," anasema. "Mkubwa wapi? Mlinzi wa geti naye ana ufunguo, lakini yeye zamu yake inaisha."

Yake haikuisha. Kwenye harusi ya mdogo wake alikaa jikoni na kompyuta mapajani, akiweka matokeo ya mitihani huku wenzake wakipiga vigelegele ukumbini. Hayo anayasimulia akicheka. Kicheko kinakoma anapofika kwa mama yake.

Mama yake mzazi, anayeishi naye, alipata mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Hospitali ilipanga siku ya upasuaji. Siku hiyo chuo kilikuwa kinatoa matokeo, wakaahirisha. Ikapangwa nyingine, ikaangukia mahafali, wakaahirisha tena.

"Mama alifika mahali anamimina chai nje ya kikombe. Nikimtazama ananiambia, 'Kazi kwanza mwanangu, macho yangu hayaendi popote.' Lakini yalikuwa yanaenda. Nilikuwa nayaona yanavyokwenda, na mimi nimekaa naweka matangazo ya watu. Niliumia. Niliona aibu."

Ndipo alipoanza kuusumbua uongozi wa chuo ununue mfumo wa kusimamia tovuti. Kwa mfumo huo, idara inaandika kurasa zake yenyewe kwa maneno ya kawaida, mkuu wake anazipitia, anabonyeza kitufe cha kuidhinisha, na ulimwengu unaona. Hakuna cha mhuri wala cha niwekee.

Mumewe, ambaye ni seremala, alimuuliza waziwazi kama hajaona kwamba anakata tawi alilokalia.

"Nikamwambia, baba, wewe ulipowafundisha vijana kupiga randa, wateja walikukimbia? Kesho yake akaniambia, haya, waandikie barua hao wakubwa."

Mfumo ukanunuliwa, lakini mwanzo haukukosa vituko. Katika mafunzo ya kwanza, Mama Niwekee alimwonea huruma kila aliyekwama, akamnyang'anya kipanya na kumfanyia. Wanafunzi wake walimshukuru sana, wakaenda zao bila kujua kitu. Tangu hapo mikono inakaa mgongoni.

Halafu zilikuja zile wiki ambazo kila idara iliweka tangazo lake juu kabisa ya ukurasa wa kwanza na kuliandika "muhimu sana", mpaka kikao cha klabu ya chesi kikawa kinagombea nafasi na ada za muhula. Katibu mmoja alichapa ukurasa wa tovuti kwenye karatasi, akampelekea bosi wake, bosi akausahihisha kwa kalamu nyekundu, akaupiga mhuri, kisha ukatumwa kwa Mama Niwekee "kwa utekelezaji".

"Nilicheka hadi machozi," anasema. "Kisha nikamrudishia na mhuri wake."

Kamati ya chuo haikucheka. Ilitoa msimamo: siku ya kufungua maombi ya udahili ndiyo itakuwa kipimo. Ukurasa ukichelewa, chuo kinarudi kwenye utaratibu wa zamani, na Mama Niwekee anarudi kwenye karatasi zake. Wiki hiyohiyo hospitali ikapiga simu. Mama apelekwe, mara ya tatu. Tarehe ni ileile ya udahili.

Msajili wa chuo alimwita ofisini. "Nakuheshimu sana," alimwambia, "lakini siku hiyo usiende popote."

"Nikibaki," alijibu, "mfumo utakuwa ni mimi. Tutakuwa hatujabadilisha kitu."

Akaenda hospitali.

Alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mama yake tayari yuko chumba cha upasuaji, simu ilipoita. Ni karani mkuu wa udahili, mzee aliyekuwa anakaribia kustaafu, na aliyeapa mbele za watu kwamba kompyuta na yeye watazikwa mahali tofauti.

"Mama, ukurasa haupo! Vijana wanapiga simu, wengine wako hapa mlangoni. Niwekee tafadhali."

Mama Niwekee anakiri kwamba kidole kilimwasha. Kwa simu ileile angeweza kuingia, kubonyeza mara moja, na mambo yakaisha.

"Mzee wangu, soma kilichoandikwa juu ya ukurasa wako."

"Kinasema, unasubiri idhini."

"Ya nani?"

"Ya Profesa. Yuko kwenye kikao."

"Basi nenda kamwite."

"Mwanangu, nimtoe Profesa kwenye kikao? Mimi?"

"Wewe. Gonga mlango, mwambie watoto wa watu wanangoja. Mimi namngoja mama yangu, sina mikono."

Mzee anasimulia kwamba alisimama nje ya mlango ule akipanga maneno ya kusema. Katika utumishi wake wote hakuwahi kukatiza kikao. Aligonga. Mlango ukafunguka, vichwa vyote vikamgeukia, na kile alichokuwa amekipanga kusema kikayeyuka. "Nikasema tu, Profesa, njoo. Kama namwita mtoto!"

Profesa alikuja. Mkuu huyo wa udahili ni mtu mpole, na sehemu yake ya mkasa haifichi. "Nilidhani ukishasema 'sawa' kwa mdomo imetosha," anasema. "Nilivaa miwani, nikasoma, nikaona kosa kwenye tarehe ya mwisho, mzee akalirekebisha mwenyewe, nikabonyeza. Baada ya hapo watu wakaanza kupiga makofi mlangoni. Nikarudi kwenye kikao nimevimba kichwa."

Ukurasa ulichelewa kidogo, pungufu ya nusu saa, na kamati ikasamehe. Mama Niwekee aliletewa habari hiyo na Msajili kwa ujumbe mfupi: "Umepita. Usirudi ofisini leo, muuguze mama."

"Nililia palepale kwenye benchi," anasema bila haya. "Muuguzi akadhani nimefiwa."

Leo mfumo una miezi minane. Simu yake haijaacha kuita, ila sasa wengi wanauliza "nafanyaje". Vyuo viwili vya jirani vimemwomba akawafundishe makatibu wao, na ameshawaandalia mafunzo ya wiki nzima. Kabla ya hapo atakwenda likizo, likizo kamili, ya kwanza tangu aajiriwe. Kompyuta ataiacha ofisini. Anasema hilo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, na mumewe keshaambiwa asipange kazi mwezi huo.

Bandeji zilipoondolewa kwenye jicho la pili, mama yake hakuomba kuona sura ya mtu. Alitaka aonyeshwe hiyo tovuti iliyokuwa ikimnyima mwanawe usingizi. Akapewa simu, akaisogeza karibu, akasoma polepole, tangazo baada ya tangazo, akitamka kila neno kwa sauti.

"Pazuri," akasema. "Na wewe umeandika wapi hapa?"

"Sikuandika hata neno moja, mama."

Bibi akamtazama binti yake kwa macho yote mawili. "Hongera," akamwambia.