Mwito wa Mzee Matano

Marehemu mume wangu, Zubery Matano, alizaliwa kisiwani Juani, Mafia, akacheza raga Dar es Salaam hadi akavaa jezi ya taifa. Alikuwa propu, yaani mmoja wa wale wa mstari wa mbele wanaobeba uzito wote timu mbili zinapoinama na kusukumana kugombea mpira. Hakuwa na mbio. Alikuwa na shingo.

Nguvu hiyo aliipata pwani. Baba yake, Mzee Matano, ndiye aliyewaongoza wanaume kushua mashua. Aliita, "Mabega!" wakajibu, "Yapo!" ndipo wakasukuma, na hakuna aliyeruhusiwa kuachia kabla chombo hakijaelea. Basi katika mechi yake ya kwanza mwamuzi alipopuliza filimbi kuwasimamisha, Zubery hakuachia. Aliwapeleka wapinzani nje ya uwanja hadi kwenye meza ya mama muuza chai. Walipomgombeza alisema, "Lakini tulikuwa hatujaelea." Tangu hapo timu nzima ilisukuma kwa mwito wa Juani, na sijasikia mpinzani aliyefurahi kuinama mbele yake.

Alipostaafu tulirudi Mafia, akawafundisha vijana mpaka alipofariki. Mwaka jana nilitaka mashindano yao yaitwe Kombe la Zubery Matano. Jina la ukoo halitoki bila idhini ya mkubwa wao, shemeji yangu Suleimani, ambaye hakuwahi kumwona mdogo wake akicheza.

"Jina la baba yangu?" alisema. "Kwenye mchezo wa wanaume kukumbatiana mapaja wazi?"

"Njoo uone kwanza, shemeji, ndipo ukatae."

"Nitakuja kukatalia hukohuko."

Alikuja uwanjani Utende na kanzu iliyopigwa pasi, akakaa upande, uso kaupeleka kwingine. Juani walicheza na Ndagoni. Vijana wakainama, na nahodha wa Juani, Taufiki, akaita, "Mabega!"

"Yapo!"

Suleimani akageuka. "Nani kawafundisha mwito wa baba?"

"Mdogo wako. Alisema hajui kusukuma kwa maneno mengine."

Juani wakarudishwa nyuma, kisha wakarudishwa tena.

"Wanasukuma kabla jibu halijaisha," akanung'unika. "Baba angewafukuza pwani."

"Waambie basi. Au umekuja kukataa tu?"

Akainuka, akakunja kanzu, akaenda kwenye mstari.

"Shemeji, mapaja," nikamkumbusha.

"Hebu niache, shemeji."

Akaita yeye, kwa sauti ya baba yake hasa. Juani wakajibu kwa pamoja, wakasukuma, na Ndagoni wakateleza kama mashua iliyoonja maji. Suleimani hakukaa tena mpaka mechi ikaisha.

Aliporudi kwangu alikuwa anahema. "Andika jina," alisema. "La baba pia. Ila kaptura zivuke magoti."

Nilizishona mwenyewe. Mwamuzi wetu, Mwalimu Obed, anadai zinafanana na mapazia. Hata hivyo Juani wamelichukua kombe hilo, na kila mechi anayeita, "Mabega!" kutoka pembeni ni Suleimani.