Bustani Kwenye Njia ya Ng'ombe

Kwa miaka kumi na mmoja Mzee Guyo aliwaambia watu wa Garsen, na wengine hadi Kipini ambako hakuna aliyemuuliza, kwamba binti yake Mumina ni daktari wa ng'ombe. Hakuwa akidanganya. Alipoambiwa kwamba binti amekwenda chuoni kusomea kilimo na ufugaji, alisikia neno la pili. La kwanza aliliacha lipite kama mtu anavyompita jirani ambaye hawasalimiani. Mumina naye hakumsahihisha. Mwaka wa kwanza alikusudia kumwambia likizo ya Desemba. Mwaka wa pili vilevile. Kuanzia wa tatu jambo lilikuwa limeshazeeka, naye akawa anapokea simu za wazee asiowajua, wakimweleza kwa kirefu habari za tumbo la ndama. Aliwajibu. Sura hiyo ya kitabu aliisoma.

Kazi yake hasa ni kufundisha kilimo cha mboga na matunda katika shule ya sekondari iliyo kando ya barabara ya Malindi, kabla hujafika Tarasaa. Ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mrefu, mwepesi wa kutembea hata ndani ya buti za mpira zilizotengenezwa kwa kumfikiria mwanamume. Mkobani mwake mna chaki, mkasi wa kupogolea, na mbegu zilizofungwa kwenye karatasi za peremende, kila moja imeandikwa jina isipokuwa ile anayoihitaji.

Ubaoni alifundisha mwaka mmoja tu. Mwisho wa mwaka huo aligundua kwamba wanafunzi wake wanaweza kuchora mzizi wa karoti na kuupachika majina yote sita, lakini alipoleta karoti yenyewe darasani, Barwako, binti wa mwenye duka la Garsen, ambaye hajawahi kukosa la kusema, aliinua mkono.

"Madam, hii ndiyo ile ya mchoro?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona ile ya mchoro ilikuwa inajua mambo mengi?"

Kesho yake Mumina alikwenda kumwomba mwalimu mkuu kiwanja. Bwana Siyad alikuwa akitafuta stempu ya shule, kama ilivyo kawaida yake asubuhi, akamjibu bila kuinua kichwa: "Chagua popote, Madam, bora isiwe mbele ya ofisi."

Mahali walichagua wanafunzi wenyewe, maana alitaka bustani iwe yao tangu jembe la kwanza. Aliwagawia ndoo, wakachota udongo kila pembe ya shule, wakaumwagia maji, wakaufinyanga viganjani kuona unashika vipi. Udongo wa uwanjani ulikataa. Wa karibu na jikoni ulikuwa majivu zaidi ya udongo. Lakini nyuma ya mabweni palikuwa na ukanda wa ardhi, mweusi, laini, uliofunikwa na nyasi ndefu, ukiteremka moja kwa moja kuelekea mtoni. Udongo wake ulifinyangika kama unga wa chapati. Darasa lote lilikubali. Hata kitabu kilikubali.

Loise peke yake alisitasita. Loise ni wa ukoo wa wakulima wa mtoni, kwao wanalima maji yakishuka tangu kabla ya barabara.

"Madam, bibi yangu anasema hapo hapapandwi."

"Kwa nini?"

"Hakusema kwa nini. Alisema tu hapapandwi."

Mumina alitumia dakika kumi kueleza tofauti ya imani na sayansi. Alieleza vizuri sana, kwa mifano.

Wakajenga. Watoto wa wafugaji walileta matawi ya mathenge yenye miiba na kuzungushia uzio wa duara, kwa sababu ndio uzio wanaoujua, na hapo bustani ikawa ya kwanza katika kaunti, pengine, kufanana kabisa na boma la ndama. Watoto wa wakulima ndani yake wakachora matuta yaliyonyooka. Kwa wiki mbili pande hizo zilibishana mlango uelekee wapi, na ubishi ukaishia hapohapo kwenye mlango, jambo ambalo kando ya mto huu, ambako wafugaji na wakulima wamewahi kupigana, si dogo. Matuta yalikuwa manane, kila moja na wanafunzi wawili wa Kidato cha Nne: sukuma wiki, mchicha, biringanya na pilipili kwenye mengine, na kwenye tuta la nne, la Loise na Barwako, nyanya. Tuta la nne lilikuwa katikati penyewe, na nyanya zake zilikua kwa kasi ya kutia wasiwasi. Kila tuta lilikuwa mradi wa mtihani. Mkaguzi angekuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na alama atakazotoa zingeingia kwenye matokeo ya mwisho ya watoto kumi na sita.

Jumamosi iliyotangulia, simu ya Mumina ililia.

"Mumina." Baba yake akipiga simu huongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "Mabwawa yamekauka. Jumatano tunateremsha ng'ombe mtoni."

"Mungu awafikishe salama, Baba."

"Tunapita malka ya zamani. Tumetuma vijana kuangalia, wanasema kuna mtu amefunga malka. Kwa miiba! Karibu na hiyo shule unakokaa. Wewe umesoma, unajua maofisi. Mtafute huyo mtu, umwulize ana akili gani."

Malka, kwa watu wa Mumina, ni njia ya ng'ombe kwenda majini. Haina kibao wala hati, ina ng'ombe tu, na ng'ombe wa leo anaweka kwato alipoweka mama yake. Miaka mitatu mfululizo mvua ilikuwa nzuri, mifugo ikanywa huko huko malishoni, nyasi zikaifunika njia. Mumina alitoka na buti zake hadi nyuma ya mabweni, akasimama. Safari hii alitazama kwa jicho la nyumbani. Ukanda mrefu, upana uleule mwanzo hadi mwisho, ukishuka mtoni. Udongo mweusi, laini. Ungekosaje kuwa mweusi na laini, ikiwa ng'ombe wameunyea kwa miaka mia?

Binti wa mfugaji yeyote angeijua malka hata imefunikwa. Lakini ng'ombe huteremka kiangazi, na kila kiangazi tangu alipokuwa na miaka tisa Mumina alikuwa shule ya bweni, kisha chuoni, akisoma.

Alipiga simu kabla ujasiri haujapoa.

"Baba, yule mtu nimempata."

"Ni nani?"

"Ni mimi."

Upande wa pili ng'ombe alikohoa. Baadaye akakohoa mwingine.

"Wewe umefunga malka kwa nini? Unatibia ng'ombe hapo?"

"Hapana, Baba. Napanda mboga. Nafundisha watoto kupanda mboga. Ndiyo kazi yangu, toka mwanzo. Ng'ombe nilisoma kidogo tu."

Mumina aliangalia kama simu imekata.

"Majani," alisema Mzee Guyo.

"Ndiyo, Baba."

"Yale ya kula watu."

"Ndiyo."

"Nakuja Jumatatu," akasema, na hapo ndipo ikakata.

Jumatatu asubuhi alisimama langoni, amevaa kikoi safi, fimbo begani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika shuleni hapo. Bwana Siyad, aliyeelezwa jambo na kuona linamzidi cheo, alikumbuka ana mkutano Hola. Mumina alimwongoza baba yake hadi bustanini, akijitayarisha kwa maneno makali. Mzee alizunguka uzio, akauvuta kwa fimbo.

"Uzio nani nafunga?" aliwauliza wanafunzi kwa Kiswahili chake.

"Sisi, Mzee," alisema Jibril, mwana wa mfugaji, kwa sauti ya mshtakiwa.

"Uzio nzuri," alisema Mzee Guyo. "Pahali mbaya."

Kisha akamgeukia binti yake, kwa lugha ya nyumbani. Kuwazungusha ng'ombe kwa njia nyingine ni siku nzima ya mwendo, na waliodhoofika wangelala njiani wasiamke. Mumina alijua. Yeye naye akamwambia habari ya Ijumaa, na watoto kumi na sita. Mzee aliwatazama watoto hao mmoja mmoja, kama anayechagua wa kuuza na hataki kuuza hata mmoja.

"Ng'ombe hawataki shamba lote," alisema, na Mumina akawatafsiria watoto. "Wanataka kupita. Watano, bega kwa bega."

"Hiyo ni mita ngapi, Mzee?" aliuliza Barwako, daftari mkononi.

"Mita sijui. Leta watu tano."

Watano wakasimama kwa mstari katikati ya bustani, mikono wameitanua. Mzee akarudi nyuma, akafumba jicho moja.

"Hawa wembamba. Ongeza moja."

Jibril akaongezwa. Ng'ombe sita wa kidato cha nne walienea kutoka ukingo wa tuta la tatu hadi ukingo wa tuta la tano. Miguuni pao lilikuwa tuta la nne, na nyanya zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kuiva.

Loise alichuchumaa, akashika shina moja.

"Kitabu kinasema mche ukishatoa maua usihamishwe," alisema Mumina polepole. "Unakufa." Hilo angalau alilijua, akatamani asingelijua.

"Bibi anahamisha," alisema Loise.

Madam alikuwa maarufu kwa dakika zake kumi.

"Anahamishaje?" aliuliza Mumina.

"Jua likishapoa. Unachimba mbali na shina, unatoa na udongo wake wote kama mtoto na shuka lake. Halafu usiutikise na usiupigie kelele."

"Kelele pia?"

"Hiyo mimi sijui, Madam. Lakini bibi hajawahi kupoteza mingi."

Mumina aliandika daftarini kila neno, kelele pamoja.

Jioni hiyo miche thelathini na mmoja ilihamishiwa kingoni mwa matuta mengine kwa mabeseni ya kufulia, ndoo za kuogea, na sufuria moja ya jikoni ambayo mpishi hakuombwa. Barwako, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alifanya kazi saa nzima kwa kunong'ona. Mzee Guyo alikaa juu ya jiwe akitazama. Alipoona beseni limewaelemea wasichana wawili, aliweka fimbo chini, akashika upande mmoja. Alilibeba akilitazama kwa mashaka, kama mtu aliyepewa paka. Kisha akawaonyesha Jibril na wenzake jinsi ya kukata uzio mara mbili na kuugeuza, miiba itazame njia, si mboga. Boma la duara likawa mikono miwili iliyofunguka, na malka katikati.

Jumatano saa nne vumbi lilionekana. Ng'ombe themanini na kitu, mbavu zikihesabika. Mbele yao alikuwa Dima, ng'ombe jike mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, na mbele ya Dima, Mzee Guyo akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kuwapeleka majini. Shule nzima ilikuwa madirishani. Vijana wachungaji walikuwa na fimbo tayari, lakini Dima aliingia kwenye uwazi kwa mwendo uleule wa mama yake, asitazame kulia wala kushoto. Nyuma yake wakapita watano watano. Mmoja tu, mtamba mweusi asiye na malezi, alipenyeza shingo juu ya miiba akang'oa sukuma wiki mbili. Barwako alizitaja baadaye kwenye ripoti ya mradi, chini ya kichwa "Wadudu na wanyama waharibifu".

Mkaguzi alifika Ijumaa, mtu mpole mwenye jasho. Alipita tuta kwa tuta, akahesabu nyanya: ishirini na mbili zimesimama, tisa zimenyauka. Kisha akafika kwenye uwazi wa katikati, uliokanyagwa ukawa unga.

"Na hapa mbona hamkupanda kitu?"

"Hapo tumepanda ng'ombe, sir," alisema Barwako.

Mkaguzi akamtazama Mumina. Mumina akamtazama Loise, na Loise akaeleza: malka, upana wa ng'ombe sita wembamba, kwa nini udongo ni mweusi, namna bibi yake anavyohamisha mche. Alieleza kwa dakika kumi, kwa mifano. Mkaguzi aliandika ukurasa mzima, akaufungua wa pili. Alichoandika hakusema, ila aliomba jina la bibi na jinsi linavyoandikwa.

Tangu hapo ng'ombe hupita kila siku ya tatu, kwenda na kurudi. Wakirudi, Mzee Guyo huacha kibuyu cha maziwa kwenye nguzo ya uzio, na Loise huning'iniza hapo mfuko wa nyanya. Nyanya ya kwanza Mzee aliila amesimama, mbele ya binti yake, kama anayemeza dawa ya mtu mwingine. Alitafuna muda mrefu.

"Ina maji," alisema.

Kutoka kwa mtu aliyetembea na ng'ombe wenye kiu tangu mabwawa kukauka, Mumina hakuhitaji sifa kubwa kuliko hiyo. Aligeuka upande, akajifanya anarekebisha mwiba.

Wiki iliyofuata alikuwa ameinama kwenye miche, nyuma ya majani, asionekane, wakati mfugaji mwingine alipofika na kundi lake, mgeni kutoka pande za Ndera. Ng'ombe wake walitawanyika hadi kwenye miiba. Sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto ikasikika kutoka njiani.

"Wewe! Kusanya ng'ombe wako! Hapo ni pa binti yangu."

"Yule daktari wa ng'ombe?" aliuliza mgeni.

Mumina alishika shina la nyanya, akatulia.

"Nani amekudanganya?" alisema Mzee Guyo. "Anafundisha mboga. Ng'ombe alisoma kidogo tu."