Bosi, Nihudumie Wewe

Juzi nilikuwa benki huku Uchina, Barabara ya Huanshi, wa pili nyuma ya mama mmoja wa Dar anayenunua viatu soko la Zhanxi. Aliuliza kama ni lazima akate bima ndipo afunguliwe akaunti. Binti wa dirishani akamjibu, "Si lazima." Kumbe meneja amesimama nyuma yake. Akamfokea mbele yetu sote, huku anagonga meza kwa kalamu, mpaka binti akainamisha kichwa.

Huku kila dirisha la benki lina vitufe vya kumpima aliyekuhudumia: uso unaocheka na uso ulionuna. Majibu huenda moja kwa moja makao makuu. Mama alivitazama, kisha akasema kwa Kichina chake cha sokoni, "Bosi, mpumzishe huyu. Nihudumie wewe."

Meneja akaketi, akamaliza kazi vizuri tu, akamwonyesha vitufe kwa mikono miwili. Mama akabonyeza uso ulionuna.

"Nimekukosea nini?"

"Mimi hujanikosea. Umemkosea yule."

Mwanafunzi Mkenya aliyefuata akasema, "Hata mimi nataka bosi." Akahudumiwa, naye akabonyeza uso ulionuna. Zamu yangu ilipofika, meneja aliinuka, akamwita binti, akamsogezea kiti na kumwomba radhi kwa sauti ileile aliyomfokea nayo. Nilibonyeza uso unaocheka kwa kidole gumba.

Nyumbani nako benki hutaka maoni yetu. Kuna sanduku kabisa mlangoni, na ufunguo wake anao meneja.