Taa Iliyomwangusha Muuza Maziwa

Mimi ni mpishi wa shule ya bweni, na uji wa wanafunzi hausubiri jua. Naishi Izia, kule pembeni mwa mji ambako nyumba zimeanza kuachana, na mashamba ya mahindi yamejipenyeza katikati yake. Shule iko Malangali. Ili jiko liwake saa kumi na moja alfajiri, lazima saa kumi na nusu niwe juu ya baiskeli, na saa hizo, hasa miezi ya baridi, hapa kwetu ni giza na upepo tu.

Mwanzoni nilitumia taa ya dainamo, inayowashwa na mwendo wa tairi, iliyokuja na baiskeli. Aliyewahi kuwa nayo anaijua kero yake. Ukienda kasi kwenye tambarare, mahali ambapo hata bila taa ungepita, inamulika vizuri. Ukianza kupanda mlima, na kwetu mashimo yote yako mlimani, inafifia mpaka inabaki kama kaa la mwisho jikoni. Ukishuka kusukuma, ndiyo basi. Nilivumilia hivyo mpaka alfajiri moja niliposhuka, taa ikazima, nikatumbukia kwenye mtaro uliochimbwa jana yake kwa ajili ya mabomba ya maji. Nilikoroga uji siku hiyo nikiwa nimefunga goti kwa khanga.

Jumamosi nikaenda madukani Majengo kutafuta taa ya kuchaji. Mwenye duka alinipangia nne mezani, zote zimefungashwa kwa plastiki ngumu, akanisogezea moja.

"Chukua hii, mama. Ukiifunga hii umemaliza matatizo."

"Naomba niione gizani."

Ilikuwa saa sita mchana. Akaiwasha, akaifunika kwa viganja, akaniambia nichungulie katikati ya vidole gumba. Nikachungulia kama mjinga. Nikaona mwanga. Taa gani haitang'aa ndani ya viganja vya mtu?

Nilipofika nyumbani, kishikio chake cha plastiki kilikuwa kikubwa kuliko usukani wangu. Mume wangu, ambaye hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichoweza kutengeneza, akakata vipande vya mpira wa tyubu akauviringishia usukani mpaka kishikio kikakaza. Jumatatu, shimo la kwanza tu, taa ikainama ikawa inamulika tairi langu. Nikaiinua. Shimo la pili, ikainama tena. Nikateremka mteremko wote mkono mmoja umeshika taa, mwingine umeshika breki moja, namwomba Mungu asilete ng'ombe.

Mchana nikaipeleka kwa fundi wa baiskeli. Akakaza skrubu, akakaza tena, nikamwambia inatosha, akakaza. Kishikio kikapasuka.

"Plastiki za siku hizi mbovu," akasema, kana kwamba spana ilikuwa mkononi mwangu.

Nyumbani mume wangu akaniambia, "Si nilikwambia usimpelekee fundi?" Hakuwa ameniambia. Nikaenda kupika, maana tungeanza kubishana tungelala njaa.

Safari hii mume wangu akaifunga kwa waya, katikati kabisa, juu ya shingo ya usukani. Alizungusha waya mara nyingi sana, akaukaza kwa koleo.

"Itikise," akasema.

Nikaitikisa. Haikucheza hata kidogo. Tulisimama pale uani, jua linawaka, wawili tumeridhika. Hakuna aliyejiuliza inatazama wapi.

Kesho yake nilitoka na furaha ambayo sijaipata njiani kwa muda mrefu. Mwanga ulikwenda mbali, niliona mabati ya nyumba za mbele yakimeta, niliona matawi ya mikaratusi. Barabara yenyewe iliyokuwa chini ya miguu yangu sikuiona vizuri, lakini kwa furaha ile sikujali. Nilikuwa nakata kona kabla ya daraja nilipomwona mtu anakuja na baiskeli iliyobeba madumu mawili. Hakuwa na taa. Akainua mkono kujikinga macho.

"Mayu! Zima! Zima hiyo!"

Mayu ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. Nilitaka kuzima. Nilikuwa nimevaa glavu za sufu kwa ajili ya baridi, kitufe kidogo kama punje ya ulezi, na mume wangu alikuwa amepitisha waya juu yake. Bado nahangaika nacho, nikasikia tairi likiacha barabara, kisha madumu yakigongana mtaroni.

Nikatupa baiskeli yangu chini, nikamkimbilia. Alikuwa mtu mzima, umri wa kaka zangu wakubwa, koti refu, kofia ya sufu imemshuka hadi machoni. Dumu moja lilikuwa limefunguka, na maziwa yalikuwa yanaingia kwenye udongo huku yakitoa mvuke.

"Shikamoo. Umeumia?"

"Marahaba. Miaka yote napita hapa bila taa, sijaanguka," akasema akijipangusa. "Leo nimeangushwa na taa."

Nilikuwa na aibu, lakini aibu ikageuka hasira. "Na wewe ungekuwa na taa ningekuona mapema!"

"Ningekuwa na taa ungenipofusha vilevile."

Tukaivuta baiskeli yake kutoka mtaroni, tukainua dumu lililobaki. Nikamwomba msamaha, safari hii bila kuongeza neno. Akaniambia nishikilie baiskeli yangu wima, yeye akatembea mbele hatua kama sita, akageuka, akafumba macho.

"Unaona unanimulika wapi? Usoni. Taa inatakiwa ipige chini hapa niliposimama. Shimo liko chini. Mbinguni unatafuta nini?"

Tukajaribu kuishusha. Waya wa mume wangu ulikataa katakata. Mwishowe nilifunika nusu ya juu ya kioo kwa kitambaa changu cha kichwa, nikaenda hivyo. Nilifika shule moto haujawashwa, wanafunzi wamepanga foleni na vikombe mkononi, na mpishi mkuu akaniuliza mbele yao kama nimeanza kazi ya kukamua ng'ombe, maana sketi yangu ilikuwa imelowa maziwa. Nililia stoo, kwenye magunia ya maharage, dakika chache tu, kisha nikaenda kupasua kuni.

Wiki hiyo nilimtafuta mchomeleaji, akanitengenezea kishikio cha bapa la chuma, chenye bolti inayolegezwa na kukazwa. Tuliipima taa ukutani kwetu jua lilipozama, mume wangu akisogeza, mimi nikimwambia chini, chini bado. Alinuna, lakini alishusha.

Nikanunua pia taa ndogo nyekundu ya nyuma, nimpe yule muuza maziwa. Niliona ndilo jambo ninaloweza kumfanyia. Dukani nilikataa viganja. Niliingia stoo yao, nikafunga mlango, nikaiwasha. Mwenye duka akaniona kichaa.

Nilimpa siku iliyofuata pale pale darajani. Akaigeuzageuza. "Ya nini hii?"

"Ya kufunga baiskeli. Magari yakuone."

Akashukuru, akaitia mfukoni. Siku mbili baadaye nakaribia kona ile, nikaona nyekundu inawaka mbele yangu. Nikajua ni mtu anaelekea ninakoelekea, nikaongeza mwendo nimfikie tuongozane. Nyekundu ikaja kwa kasi mno. Nilishika breki zote mbili, tairi la nyuma likaserereka, tukasimamishana gurudumu kwa gurudumu.

"Umeifunga mbele!" nilipiga kelele.

"Si umesema magari yanione? Magari yanatoka mbele."

Nilihema mpaka nikaweza kusema. Nikamweleza nyekundu ni ya mgongo, anayekuja nyuma ndiye anayeihitaji. Akasikiliza. Tukaihamishia kwenye keria, madumu yakaiziba. Tukaishusha chini ya kiti, koti lake refu likaifunika. Baridi imenishika vidole, uji unanisubiri, na sisi tunazunguka baiskeli ile kama watu wanaotafuta sindano. Mwishowe nikaing'oa, nikaibana nyuma ya kola ya koti lake.

"Geuka," nikamwambia. Akageuka. Ilionekana vizuri.

"Mimi mwenyewe siioni," akanung'unika.

"Haikuhusu. Nenda."

Akapanda, akaenda zake mjini, nami nikasimama kidogo kumwangalia. Kidoa chekundu kilikuwa kinapanda mlima polepole, kikiyumba kulia na kushoto kila alipokanyaga pedali.