Foleni ya Kitambaa Cheupe

Babu yangu mzaa baba hakulipenda neno foleni. Likitajwa nyumbani kwetu Kizwite, aliweka chini kata yake ya pombe na mgongo ukamnyooka wenyewe. Alikuwa askari wa mkoloni, akapelekwa hadi Burma, na huko ndiko alikolipata. Sajenti Mzungu akipayuka "fall in!" wao wanasikia foleni, wanakimbia kujipanga; akisema "fall out" wanatawanyika. Babu akajua basi, fall ni habari ya kupanga watu. Kisha asubuhi moja wakasomewa orodha ya wenzao, wakaambiwa hawa wote have fallen, naye akatazama chini kuona ni nani aliyejikwaa; kumbe walikuwa wameuawa vitani. Kisa hicho alikisimulia akicheka. Sisi tulicheka mara ya kwanza tu.

Nilipokuja kuwa mwalimu wa Kiingereza nililitafuta neno hilo katika kamusi kubwa ya shule, nikakuta limekula ukurasa mzima. Mvua ina-fall, bei ina-fall, giza lina-fall. Mtu hu-fall usingizini na hu-fall katika mapenzi. Adamu alipokula tunda, hiyo nayo ni Fall, yenye herufi kubwa. Wamarekani wanayaita hivyo hata yale majira ya majani kupukutika. Asili yake, kamusi ilisema, ni ya kale kuliko Uingereza yenyewe; walikuja nalo watu waliovuka bahari kutoka pande za Ujerumani. Maelezo marefu hayo, na hakuna mahali palipotajwa duka letu la ushirika. Mimi kila nikilifundisha, chaki mkononi, naliona baraza la duka lile.

Ilikuwa miaka ya uhaba, kabla ya enzi ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Foleni ya duka ilichukua siku mbili, na huwezi kusimama siku mbili wakati ulezi unangoja kuvunwa. Kwa hiyo uliweka kitu: kopo, kiatu kibovu, kikapu chenye jiwe ndani ili upepo wetu usikipeperushe. Kitu chako ni wewe. Mstari ukisogea, aliye nyuma yako anakisogeza mbele. Hata wezi wa mjini, ambao hawakuheshimu nguo zilizoanikwa, waliiheshimu sheria hiyo.

Mdogo wangu wa kike alikuwa akijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, na mama alinituma mita tatu za kitambaa cheupe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, si mtoto. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa familia za wafugaji waliohamia kwetu na ng'ombe wao kutoka kaskazini-magharibi. Walikuwa wamejenga nyuma ya mikaratusi, mwaka wa tatu huo, nasi bado tukiwaita wageni. Muuzaji alipita akikagua kadi za duka, na yeye hakuwa nayo. Asiye na kadi aliuziwa kitambaa cheupe kwa barua ya balozi wa nyumba kumi, na balozi aliiandika kwa jambo moja tu: sanda.

"Mdogo wangu," aliniambia, "nakwenda kwa balozi. Nisogezee kikapu changu."

"Haya, mama," nikamjibu.

Sikumuuliza nani amefariki. Kama ningeuliza, ningelazimika kusema pole, na pole ina kazi zake.

Saa sita hivi muuzaji alichungulia dirishani akatangaza kwamba jora limebaki mita tatu na ushee. Nilikitazama kikapu. Nikakizunguka, nikasimama mbele yake. Mzee aliyekuwa nyuma yangu aliguna, basi. Nilipimiwa, nikalipa, nikaondoka na mzigo chini ya kanga, na njiani nikapishana na yule mama akija mbio, barua mkononi. Alinitabasamia. Wahenga walisema kufa kufaana. Siku hiyo nilielewa kwamba huo si msemo wa kuchekea.

Nyumbani nilimkabidhi mama kitambaa. Kesho yake tukasikia kwamba mume wa yule mama wa foleni alizikwa ndani ya magunia mawili ya mahindi yaliyoshonwa pamoja. Jumapili ya Komunyo mdogo wangu alipendeza, kila mtu alisema hivyo, nami niliinamisha uso tangu mwanzo hadi mwisho wa misa. Nilimwona amelazwa ndani ya sanda. Alikuwa akitembea kwenda altareni, mzima wa afya, na mimi nilimwona amelazwa.

Kisha ruksa ikaja. Shilingi ikaanguka, redio ikasema kila siku, na maduka yakajaa vitambaa hadi vikaning'inizwa nje. Foleni ikafa. Kwangu haikufa. Yule mama alifungua meza yake katika soko la Mazwi, majora yamepangwa hadi usawa wa kifua, na kwa miaka mingi nilipita mtaa wa pili ili nisionane naye. Majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa amekwisha kuota ndevu.

Siku moja, sokoni kumepoa, nikaenda. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, mpaka kikapu, mpaka lile tabasamu. Aliendelea kukunja kitambaa.

"Marahaba, mwalimu. Nilijua siku ile ile. Yule mzee aliniambia."

"Nisamehe, mama. Nilimnyima marehemu sanda."

"Magunia yalimsitiri," alisema. "Kitambaa nilikwisha kusahau. Lakini wewe ulijua nina maiti ndani. Sisi kilio chetu hakikuvuka ile mikaratusi, nikasema si kitu, yule binti wa foleni amekwenda kuwaambia kwao. Kaburi tulichimba watu wanne, mimi na shemeji yangu na wanangu wawili, na udongo wa kiangazi unaujua. Kila tukipumzika nilitazama njia ya kwenu."

Mchana ule wa foleni kaka zangu watatu walikuwa uani wakicheza bao, na nilipoingia mmoja wao aliniuliza kama kuna habari yoyote huko mjini, nikasema hakuna.