Yaya Espe na Mitaa ya Brussels

Nilikwenda Brussels kuomba msamaha. Mama yetu alifia huko, kwa dada yangu mkubwa, Yaya Espe, na mimi sikwenda kumzika. Nilikuwa nimeanza kazi mpya hapa Richfield, Amerika, nikaogopa kuomba ruhusa, nikatuma ujumbe wa sauti: "Pole sana, Yaya." Tangu hapo, miaka miwili, akawa ananijibu neno moja moja: "Ndiyo." "Sawa." Dada ninaye huyo mmoja tu. Nikaona heri nipande ndege kuliko kumpoteza.

Alhamisi jioni niliondoka Minneapolis. Mume wangu alinifikisha uwanjani kwa dakika kumi, maana Richfield na ndege ni majirani. Zinapita juu ya sahani zetu tukila. Sanduku lilijaa zawadi: vitamini, siagi ya karanga, soksi nene za baridi yetu. Nilidhani nitamlainisha Yaya kwa soksi, jamani!

Ijumaa mchana, kituo cha treni cha Brussels. Nilimwona, nikamrukia kwa kicheko, simu mkononi, narekodi video. Akanibusu mashavuni. "Tuweke sanduku nyumbani," akasema, "halafu twende kutembea."

Tukatembea, wee! Richfield hata mkate naufuata kwa gari. Brussels watu wanakwenda kwa miguu juu ya mawe yaliyosuguliwa na karne sijui ngapi, na viatu vyangu viliomba talaka siku ile ile. Katikati kuna uwanja uliozungukwa na majumba ya kale yenye dhahabu hadi kwenye kona. Nikabaki mdomo wazi. Kuta za mitaani zimechorwa vibonzo, ghorofa nzima nzima: mtu anakimbia, mbwa anamfuata. Na ile sanamu yao maarufu? Katoto kadogo ka shaba kanakojoa, na watu wamejazana kukapiga picha!

"Ndiyo haka?" nikauliza.

"Ndiyo haka," akajibu, na nusura acheke.

Lakini kila nilipoanza, "Yaya, kuhusu mama," alinyoosha kidole kwingine. "Angalia ule ukuta." Jumamosi ikaisha hivyo, makumbusho, chokoleti, viazi vya kukaanga. Nyumbani alinipakulia chakula mezani, yeye akala jikoni amesimama. Iliniuma sana.

Jumapili baada ya ibada tulipita Matonge, mtaa wa Wakongo, kununua sombe, yale majani ya muhogo tuliyokulia. Mama mwenye duka akanishika mkono. "Wewe ndiye mdogo wake wa Amerika? Pole na mama. Ulishalia?"

Yaya akageuka, akawa anatazama ndizi.

Mungu wangu. Kwetu Bukavu aliyekosa mazishi haingii akicheka na zawadi. Anafunga kitenge kiunoni, analia tangu mlangoni, anaketi chini pamoja na mfiwa. Maneno, chakula, habari za safari, vyote vinasubiri hapo. Mimi niliingia msibani nikirekodi video! Amerika nimezoea kusema samahani haraka na kuendelea na mambo, nikadhani itatosha.

Saa kumi tulifika kwake, ghorofa ya nne. Nikamwomba kitenge. Alinitazama sana, kisha akatoa kimoja cha mama. Nikajifunga, nikashuka ngazi zote hadi barabarani, nikaanza kupanda upya. Ghorofa ya pili bado nilikuwa naona haya kwa majirani. Ya tatu nikakumbuka mama alivyokuwa akiniita, sauti ikatoka yenyewe. Mzungu mmoja akafungua mlango, akaufunga. "Mama yangu weee!" nililia hadi juu, na Yaya nilimkuta ameshaketi chini sakafuni, amenifungulia mikono. Tulilia mpaka tukachoka. Ndipo akaniletea maji ya kunawa uso, tukala sombe sahani moja.

Jumanne nilirudi. Nilichojifunza si kigumu: kuna pole ambayo simu haiwezi kuibeba, lazima uipeleke mwenyewe, na machozi yako. Nilipotua Minneapolis nikampigia kumwambia nimefika salama.

"Siku nyingine uje kutembea," akasema. "Nikuonyeshe mji."

"Na zile siku tatu, Yaya?"

"Zile?" Alicheka, kile kicheko nilichokikosa miaka miwili. "Zile nilikuwa nangoja ulie."